Aliyemwaga Maji Kwenye Nta

Karakana, 9 Machi

Kamanda, ndugu yangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na yule mtoto wenu mwenye maswali. Sisi huku tunapumua. Goti la Baba Mdogo limeanza tena kumsumbua, kwa hiyo anatawala akiwa amekaa, ila ulimi wake, ambao hauna goti, unatembea nyumba nzima. Binti yangu amefaulu hesabu, sijui amerithi kwa nani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako ina adabu ya ajabu: inakatika kila nikitaja sufuria. Karatasi haikatiki.

Dari ya chumba cha kuyeyushia nta bado ni nyeusi. Fundi rangi alikuja, akatazama juu, akaguna, akasema kwanza masizi yasuguliwe ndipo tuzungumze habari ya rangi. Sufuria kubwa imepinda ukingo. Kimya ana bandeji kutoka kiganjani hadi kiwiko. Daktari anasema ngozi itarudi, ila haitakuwa ile ya zamani.

Na kazi hana. Hilo labda halikukufikia, maana uliondoka asubuhi iliyofuata moto ule, kabla maji ya chai hayajachemka, ukasema umeitwa kazini kwa dharura. Baba Mdogo alimfukuza siku hiyo hiyo, mbele ya wafanyakazi wote. "Kamanda ni zimamoto," alisema, "na Kamanda ameona kwa macho yake mwanamke huyu akimwaga maji kwenye nta inayowaka. Mimi ni nani nibishane na zimamoto?" Kimya hakujibu. Unamjua, jina hilo hatukumpa kwa utani. Alifunga kanga yake kwa mkono mmoja, akatoka. Ameyeyusha nta katika nyumba hii tangu Mama akiwa hai, na sijawahi kumwona akimwaga hata tone mahali pasipo pake.

Mimi sikuona kitu. Nilikuwa mbele dukani nikimfungia mteja mishumaa. Nilisikia ndoo, kisha mlio kama shuka kubwa linachanwa, kisha sauti yako: "Nani amemwaga maji?"

Sikuulizi lolote kuhusu hayo leo. Nina ombi dogo tu. Wateja wananihoji habari za moto, na mimi shule niliiacha njiani. Ninachojua nimekijua kwa kukaa na kuutazama mshumaa mpaka macho yatoe machozi. Wewe moto ndio mkate wako. Niambie: mshumaa unapowaka, kinachoungua hasa ni nini, utambi au nta? Na ukiuzima, ule moshi mweupe unaopanda ni kitu gani? Usinionee huruma, nijibu kitaalamu.

Dada yako


Kituoni, 28 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zisizo na hesabu. Wifi yako anakusalimu, mtoto ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga miluzi akisema "shikamoo". Sisi kazini ni mbio juu ya mbio. Jiji hili halilali bila kitu kuungua. Juzi ghala, jana gari, leo sijui. Lakini ndiyo maisha tuliyoyachagua sisi watu wa helmeti.

Maswali yako ni mepesi, nashangaa wateja wako hawana mengine. Kinachoungua ni utambi. Utambi ni uzi, na uzi huungua, hilo halihitaji chuo. Kazi ya nta ni kuushikilia usimame na kuuchelewesha usiishe mapema. Ule moshi mweupe ni majivu mepesi ya utambi yaliyochanganyika na unyevu wa hewa. Kwa jumla, dada, moto una adui mmoja, na adui huyo ni maji. Ukilishika hilo umeshika nusu ya taaluma yetu.

Habari ya Kimya imenisikitisha. Lakini kazi ya moto inataka nidhamu, na Baba Mdogo ameamua kama mkuu wa familia. Mimi nisingependa kuingia kati. Mpe pole yangu, na umwambie Baba Mdogo goti alipake mafuta ya moto.

Wako katika utumishi,
Kamanda


Karakana, 20 Aprili

Kamanda,

Barua yako ilifika. Salamu zimefika. Goti limepakwa mafuta na limezidi kuvimba, kwa hiyo hata katika magoti taaluma yako ni ile ile.

Nimechukua kipande cha utambi mtupu, hakijaguswa na nta, nikakiwasha. Kimekwisha kabla sijamaliza kupiga chafya. Utambi huo huo ukiwa ndani ya mshumaa unakaa jioni nzima, na unapungua ncha tu. Sasa uzi umejifunza wapi subira? Kinachoungua ni nta, bwana mkubwa. Nta inayeyuka chini ya mwali, inapanda ndani ya utambi kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa pembe tu kikombeni, inafika juu, inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi ni ngazi. Wewe umeona ngazi ukasema ndiyo nyumba.

Na ule moshi mweupe ni mvuke wa nta uliokosa moto wake. Zima mshumaa, kisha lete kiberiti kinachowaka kwenye moshi, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Moto utaudaka moshi, utashuka nao mbio, utawasha utambi chini. Binti yangu anacheza mchezo huo tangu hajafika kimo cha meza. Majivu hayawaki, Kamanda. Yangekuwa yanawaka tusingeyamwaga jalalani.

Hili la adui nimeliweka mwisho kwa makusudi. Chukua glasi baridi, ikaushe vizuri, iinamishe juu ya mwali kwa muda mfupi. Itapata ukungu ndani. Pitisha kidole: ni maji. Moto wenyewe unazaa maji, na wewe unaniandikia kwamba hao ni maadui.

Mtu anaweza kuwa zimamoto hodari na asijue mambo ya glasi. Nilijiambia hivyo wiki nzima ili nisikasirike. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mtoto wa muuza vitumbua, akikaa karibu na karai, analijua kabla hajajua kuvaa viatu. Nta ikizidi joto inatoa mvuke, mvuke unashika moto juu ya sufuria, na dawa yake ni kifuniko. Unafunika, hewa inakosekana, moto unakufa bila maneno. Ukimwaga maji, yanazama chini ya nta kwa sababu ni mazito kuliko nta, yanakutana na joto lile, yanafura yote kwa mara moja kuwa mvuke na kuirusha nta juu vipande vipande. Kila kipande kinawaka peke yake. Ndipo dari inakuwa nyeusi. Ndipo mtu anavishwa bandeji.

Nisikilize sasa. Kifuniko cha sufuria kubwa nilikiona ndani ya moshi, sakafuni miguuni pa Kimya, kabla sijakimbia kuita majirani. Ni cha chuma, kina mishikio miwili, na hakibebeki kwa mkono mmoja, Mama mwenyewe alikuwa akikilaani kila siku. Kimya alikuwa amekileta kufunika, kama siku zote. Ndoo aliibeba na nini, meno? Na mle ndani mlikuwa wawili tu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kuomba kazi kwa mwenye karakana ya upande wa pili wa soko, yule tunayemwita Kalibu, kwa sababu kichwa chake kimenyooka kama mshumaa uliotoka kwenye kalibu. Alimtazama mkono.

"Unaweza kufanya kazi hivyo?"

"Naweza," Kimya akasema.

"Wewe si yule wa maji?"

Kalibu akanigeukia mimi. "Dada, marehemu mama yako nilimheshimu. Lakini mtu wa maji simweki mbele ya sufuria yangu. Nina paa moja tu. Labda afagie uani."

"Afagie? Huyu amemfundisha kazi hata msimamizi wako!"

"Basi alimfundisha kabla ya kusahau."

Watu wakacheka. Njiani nikamuuliza Kimya kwa nini hasemi. Akanijibu kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia: "Nikisema, nani atanisikia? Mwenzangu ana helmeti."

Ni wewe uliyemwaga maji. Sitaki machozi na sitaki hadithi. Nataka umwandikie Baba Mdogo mstari mmoja: "Maji nilimwaga mimi." Kimya apate jina lake. Katika kazi yetu mtu hana cheti, ana jina tu, na lake umelitia doa wewe.

Dada yako


Kituoni, 2 Juni

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiishika kalamu naitupa kwa hasira. Mtoto hajambo. Wifi yako hajambo, hajui lolote kuhusu barua yako na nitashukuru ikibaki hivyo.

Sijapata kudhalilishwa namna hii na mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Unanifanyia mtihani? Unanitegea maswali ya glasi na moshi kama mwalimu anayetafuta wa kumchapa? Mimi nilikuja nyumbani likizo, nikakuta ajali, nikasaidia. Shukrani yangu ni hii.

Unataka kuivunja familia kwa ajili ya mtu baki. Fikiri sana. Damu ni damu. Yule ni mfanyakazi, na wafanyakazi huja na kuondoka. Barua yako nimeichana.

Kamanda


Karakana, 15 Juni

Kamanda,

Hatujambo. Nimemaliza salamu.

Umeichana, vizuri. Nilikuwa nimeinakili, maana nakujua tangu ulipokuwa ukichana daftari za shule zenye alama nyekundu.

Mtu baki? Mama alipolala kitandani mwaka ule, miezi asiyoweza kugeuka mwenyewe, mtu baki ndiye aliyemgeuza. Mtu baki alimwosha, akamlisha, akamsomea majina ya wateja ili akili isilale. Wewe ulileta nini? Ulileta picha. Umesimama kando ya gari jekundu, helmeti kichwani, kidevu juu. Mama aliitazama mpaka siku ya mwisho, na mimi nilishukuru, sikatai, maana ilimpa raha. Ila usiniambie mimi habari ya damu. Damu ilikuwa ukutani ndani ya fremu, na mtu baki alikuwa na beseni mkononi.

Kwa kuwa hupendi maswali yangu, leo nakupa jibu. Unajua kwa nini mwali wa mshumaa una rangi ya manjano? Kila mtu anausifu: mwanga mzuri, mwanga wa utulivu. Weka kijiko baridi katikati ya ule mwanga mzuri, kitoe, tazama: cheusi titi. Unjano ule ni masizi, vumbi la nta ambalo bado halijaungua likaisha, linang'aa kwa sababu lina joto tu. Mwali safi ni ule wa buluu chini kabisa, mdogo, hakuna anayeutazama. Sisi wote tumekuwa tukikutazama pale juu, pa manjano. Mimi nimeshatia kijiko.

Umechanganya mambo mawili. Kumwaga maji lilikuwa kosa, na kosa hata mimi nafanya. Juzi nimetia rangi nyekundu kwenye mishumaa ya watu wa matanga. Lakini kusimama pale, mwenzako anaungua mkono, na ukapaza sauti kuuliza nani amemwaga, hilo si kosa. Hilo ni kazi uliyoifanya kwa akili timamu. Mstari mmoja, Kamanda. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye ndoo anaweza kutajwa.

Dada yako


Kituoni, 9 Julai

Dada,

Nimemwandikia Baba Mdogo. Barua imetoka leo, rejista. Nimesema maji nilimwaga mimi na Kimya hana kosa. Umepata ulichotaka.

Usiniandikie tena.


Karakana, 27 Julai

Kamanda,

Nakuandikia tena. Keti chini kwanza.

Barua yako ilifika siku ya Jumamosi. Baba Mdogo alivaa miwani, akaisoma moja kwa moja, kisha akaisoma kwa sauti, kisha akavua miwani, akafuta macho. Nilikuwa nimemwita Kimya makusudi, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha wadai. Nikasema moyoni, haya, leo yamekwisha.

"Mnaona?" akasema Baba Mdogo. "Mnaona kijana alivyo na moyo?"

"Moyo gani, Baba Mdogo? Amekiri."

"Amekiri nini? Amejitwika! Huyu mwanamke amelialia, habari zikamfika, akaona lawama aibebe yeye. Ndiyo watu wa helmeti hao. Wanaingia ndani ya moto kumtoa mtu asiye ndugu yao."

"Yeye mwenyewe anasema alimwaga!"

"Wewe binti, tumia akili. Zimamoto amwage maji kwenye nta? Mimi sijui moto, mimi najua goti langu tu, lakini hata mimi nimeshaambiwa hilo halifanywi. Na nani kanifundisha? Wewe! Tangu mwezi wa nne unanihubiria mambo ya kifuniko. Sasa nikuulize. Mtu mwenye mafunzo anaweza kufanya kosa hilo?"

"Mwenye mafunzo, hapana," nikasema.

"Haya," akasema, "umenijibu." Akamgeukia Kimya. "Na wewe, mama, si vizuri kumsumbua kijana wa watu kazini kwake. Umemwandikia? Umemtuma nani?"

Kimya akainuka akatoka bila kuaga. Alikuja kusafishwa, akaondoka na doa la pili. Sasa mtaani wanasema si tu kwamba alimwaga maji, bali pia alimlilia Kamanda abebe lawama. Kalibu amesikia, na hata ule ufagio wa uani ameuondoa mezani. Picha yako imetiwa fremu mpya.

Unaelewa ulichofanya? Umetoa ukweli mmoja ukauacha uongo mmoja umekaa mlangoni, na uongo huo haukuuruhusu ukweli kuingia. Nimejitafutia mwenyewe, najua. Nilihubiri sana mambo ya kifuniko.

Kwa hiyo sasa sikuulizi tena habari ya maji. Nakuuliza unafanya kazi gani huko. Mtu asiyejua kinachoungua kwenye mshumaa, anayesema moto una adui mmoja, anayechota ndoo kabla hajafikiri, huyo si zimamoto. Nimekwisha kujua tangu barua yako ya Machi. Nilikuwa nakusubiri uteremke mwenyewe. Sina muda tena wa kusubiri, Kimya hana.

Dada yako


Kituoni, 20 Agosti

Dada,

Haya. Chukua.

Naosha magari. Ndiyo kazi yangu tangu siku niliyofika huku. Magari ya zimamoto yanarudi yamejaa majivu na tope na mara nyingine vitu ambavyo sitaviandika, na mimi nayaosha. Ninazo ndoo, brashi za urefu mbalimbali, na mpira wa maji, ule mdogo wa bustani. Ule mkubwa sijaushika hata siku moja isipokuwa kuukunja. Wenzangu wananiita Sabuni. Helmeti ya kwenye picha ni ya dereva, aliivua akaenda msalani, nikamwomba mpiga picha afanye haraka.

Nilikuja huku kuwa zimamoto kweli. Walinipima pumzi, wakasema kifua hakitoshi, wakasema kuna nafasi ya kuosha kama nataka. Nilitaka. Barua ya kwanza nyumbani niliandika "nimepata kazi zimamoto", na hilo halikuwa uongo. Mama akajibu kwa kuniita Kamanda. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Usinijibu, najua ungemwambia. Wewe ndivyo ulivyo, na ndiyo maana hakuna mtu anayekuandikia kwa furaha.

Unataka kujua kwa nini nilimwaga. Kwa sababu miaka yote hii, kila kitu kinachotoa moshi mbele yangu, mimi nakimwagia maji. Gari linaingia linafuka, namwaga. Sifikiri, mkono wenyewe unajua ndoo ilipo. Niliona sufuria inawaka, nikaona ndoo, na mkono ukafanya kazi ambayo unalipwa kuifanya. Ndiyo taaluma yangu yote, dada, umeichungulia mpaka chini.

Na jambo hili hukuniuliza kwa sababu hukulijua, na Kimya hakukuambia kwa sababu ni Kimya. Moto uliporuka ulinijia mimi. Yeye aliangusha kifuniko akanisukuma kifuani kwa mkono. Ndio mkono ulioungua. Nilipopiga kelele "nani amemwaga maji", nilikuwa nimelala chini na yeye amesimama juu yangu, anafuka. Alinitazama. Nilijua amenisikia. Tangu siku hiyo simu ikilia nikaona jina lako, naiona ile sura yake.

Nimekwisha kumwambia wifi yako. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Msomee Baba Mdogo barua hii yote, kwa sauti, na Kimya akiwepo. Akisema najitwika, mpe namba ya simu ya kituo, aulize nani ni Sabuni. Watapasua mbavu kabla hawajamjibu, lakini watamjibu.

Umeshinda. Natumaini una mahali pa kuuweka huo ushindi.

Mdogo wako


Karakana, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo, kwa namna ya watu waliopigwa na kitu wasichokiona. Binti yangu anakusalimu. Anasema kuosha gari la zimamoto ni bora kuliko kuliendesha kwa sababu unaligusa lote. Ana miaka ya kusema hivyo.

Nimesoma. Yote, kwa sauti, hata pale uliponitukana, na hapo Baba Mdogo alitikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye mkono kifuani nilisoma mstari ule mara mbili, si kwa huruma, usijidanganye. Nilikuwa na hasira mpaka herufi zikachezacheza. Kimya alikaa kiti kile kile. Alikuwa anatazama nje kwa watu wanaopita, kama barua inamhusu mwingine.

Baba Mdogo akaomba namba ya kituo. Kisha akapiga simu. Sikusikia upande wa pili, nilisikia upande wake tu: "Ndiyo... ndiyo, Sabuni... mimi ni baba yake mdogo... mnachekea nini?" Akaweka simu chini. Akamwambia Kimya, "Mama, rudi kazini."

"Hapana," Kimya akasema.

"Nimekosa. Nimekuambia rudi."

"Uliniambia nimekosa mbele za watu. Sasa unaniambia umekosa hapa ndani."

Baba Mdogo akanitazama nimsaidie. Nikatazama dari. "Unataka nikakosee wapi?" akamuuliza.

"Kwa Kalibu."

Basi tukaenda. Ungeona: mzee na fimbo na goti lake, anakatiza soko zima, mimi nyuma, Kimya nyuma yangu. Kalibu alikuwa mlangoni na wafanyakazi wake wanafungua mzigo. Baba Mdogo akasimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti yake ile ya msibani: "Mwanamke huyu hakumwaga maji. Alimwaga mtoto wa kaka yangu, ambaye si zimamoto, anaosha magari. Huyu alikuwa na kifuniko mkononi, na alikiacha akamwokoa yeye. Mimi nilimfukuza kwa sababu nilikuwa nimeangalia picha."

Wafanyakazi wakauacha mzigo. Kalibu akamtazama Baba Mdogo, akamtazama Kimya, akauliza, "Aliacha kifuniko akamsukuma mtu?"

"Ndiyo."

"Na sufuria ilizimwaje baadaye?"

Kimya akajibu mwenyewe. "Nilirudi nikaifunika."

"Kwa mkono ulioungua?"

"Mwingine ulikuwepo. Nilikiburuta."

Kalibu akasema, "Kesho saa moja. Sufuria ya kwanza ni yako, na msimamizi atakuwa chini yako."

"Ngoja kwanza," Baba Mdogo akaruka, "huyu ni wetu!"

Kimya akamgeukia kwa adabu kabisa. "Ahsante kwa kunisafishia jina, mzee. Nimeshapata kazi."

Tulirudi wawili. Njia nzima Baba Mdogo alikuwa akigonga fimbo chini akisema, "Nimekwenda kumwomba radhi nikamwombea kazi!" Nikitaka kucheka, nikikumbuka sina tena mtu wa kuyeyusha, hasira inanirudia upya: kwako, kwake, na kwangu mimi niliyekaa miezi yote nikikutegea vitendawili vya glasi na vijiko badala ya kumshika Kimya mkono na kumuuliza vizuri. Nilikuwa nafurahia kuwa na akili. Hilo ndilo ninaloliweka mahali pa ushindi.

Sasa nayeyusha mwenyewe asubuhi na nauza mchana, na mishumaa ya wiki hii imepinda kama mgongo wa mtu anayetafuta sindano. Mteja mmoja ameniuliza kama ni mtindo mpya.

Likizo yako ni Desemba. Njoo. Sikuiti kwa sababu nimekusamehe, maana sijakusamehe, na Kimya sijamuuliza wala sitamuuliza kwa niaba yako. Njia ya kwa Kalibu unaijua, utakwenda mwenyewe na mdomo wako. Nakuita kwa sababu nina sufuria na sina mkono. Utasimama karibu nami, na nta ikianza kutoa moshi utanyamaza, utainama, utakamata ile mishikio miwili ya kifuniko. Ukiungua utaungua. Ukitaka kukimbilia kitu kingine hutakipata, maana ndoo zote nimezigawa kwa majirani.

Dada yako